Unahukumiwa Mguu Ulio Nao

Jumatano, 28 Agosti 2024. Nanterre

Ufunguzi wa Paralimpiki umefanyika jioni hii Place de la Concorde. Tumeutazama kwenye runinga, binti yangu, mumewe na mimi. Kesho kuogelea kunaanza. Kabla sijalala niandike nilichokuja kukitafuta, maana macho yakishaona mengi, swali la kwanza hupotea.

Mwezi wa sita, nyumbani Dar es Salaam, kijana ninayemfundisha aliogelea mita 50 za mtindo wa chura kwenye mashindano ya wazi. Mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti baada ya ajali ya bodaboda. Aligusa ukuta akiwa wa tatu, na jaji akainua mkono: ameenguliwa. Kwenye karatasi iliandikwa kwamba nyayo hazikugeuka nje wakati wa teke. Ana unyayo mmoja, na huo ulikuwa ukigeuka vizuri, teke baada ya teke. Kisha mshereheshaji akashika kipaza sauti, akaomba watu wampigie makofi kwa ujasiri wake. Walipiga, tena kwa nguvu. Kijana alikaa na taulo kichwani mpaka yakaisha.

Makofi yale yananiuma kuliko ule mkono wa jaji. Jaji, pamoja na kukosea, alimtazama kama mshindani. Waliopiga makofi walishamtoa kwenye mashindano.

Nimekuja kuona mahali ambapo mtu anahukumiwa kwa mwili alio nao.

Alhamisi, 29 Agosti. Usiku

Bwawa limejengwa ndani ya Paris La Défense Arena, uwanja wa raga wa Racing 92, humu humu Nanterre. Ni bwawa la muda, lile lile lililotumika kwa Olimpiki wiki chache zilizopita. Natembea kwa miguu kutoka kwa binti yangu. Ndani, sauti za watu zinagonga paa na kurudi, lakini kabla ya kila mbio panakuwa kimya mpaka unasikia maji yakipiga ukingo.

Leo jioni: mita 50 chura, wanaume, daraja la SB3. Ameshinda Takayuki Suzuki wa Japani kwa sekunde 48.04. Ni dhahabu ya kwanza ya Japani katika michezo hii.

Suzuki ana miaka 37. Alizaliwa mkono wake wa kulia ukiwa pungufu, mkono wa kushoto haukutimia vidole, na miguu yote miwili haikukamilika. Alishinda mbio hii hii Beijing mwaka 2008. Wakati ule, kwenye mchujo, aliweka rekodi ya dunia ya sekunde 48.49. Kwa hiyo leo, miaka 16 baadaye, ameogelea kwa kasi kuliko alivyokuwa kijana wa miaka 21. Ni waogeleaji wachache sana, wa aina yoyote, wanaoweza kusema hivyo.

Nilimtazama yeye tu. Mtindo wa chura unaishi kwa teke, na yeye hana teke la kutegemea. Kinachombeba ni mpangilio wa mwili: kifua kinapanda, kichwa kinachomoza kidogo tu, mikono inavuta na kurudi mbele haraka, kisha kiwiliwili chote kinanyooka na kuteleza kabla maji hayajamshika. Kila mvuto una kazi. Hakuna hata mmoja uliotupwa. Wapinzani wake walikuwa wakivuta mara nyingi kuliko yeye na kwenda taratibu zaidi.

Nimeangalia pia mwisho wa mbio, pale anapogusa. Kanuni ya chura kwa wote inadai mikono miwili iguse ukuta kwa pamoja. Kwa mwenye mikono isiyolingana, kanuni ya World Para Swimming, chombo kinachosimamia mchezo huu duniani, inasema mkono mrefu ndio uguse, mradi mikono yote miwili inyooshwe mbele kwa wakati mmoja. Ni kanuni ile ile: anayeogelea chura asiinue bega moja na kurusha mkono mmoja kuiba sekunde. Wameilinda bila kumdai mtu kiungo ambacho hana.

Ijumaa, 30 Agosti

Wakati wa chakula cha mchana binti yangu ameniuliza: "Baba, kwa nini mtu mmoja ana madaraja mawili? Huyu pale wameandika S9, halafu kwenye chura anakuwa SB8. Amebadilika nini?"

Hajabadilika yeye. Kilichobadilika ni kazi anayopewa mwili wake. Nimemchorea kwenye karatasi, na hapa nainakili, maana huu ndio moyo wa jambo.

Kwa wenye ulemavu wa viungo, daraja hupatikana kwa alama. Kwa mtindo huru, chali na kipepeo (daraja la S), mwili usio na upungufu una alama 300: mikono 130, miguu 100, kiwiliwili 50, kuanza 10, kugeuka 10. Kwa chura (daraja la SB) jumla ni 290: mikono 110, miguu 120, kiwiliwili 40, kuanza 10, kugeuka 10. Tazama: alama 20 zimetoka mikononi zikaenda miguuni. Waliopanga mfumo huu wanajua kile kila kocha wa chura anachokijua, kwamba ukimnyang'anya mwogeleaji wa mtindo huru miguu yake bado atafika kwa heshima, lakini ukimnyang'anya wa chura, umemnyang'anya mtindo wenyewe. Ndiyo maana mtu aliyepoteza mguu anaweza kushuka daraja akihamia chura, na aliyepungukiwa mkono asishuke. Ndiyo maana pia, kwa wenye ulemavu wa viungo, madaraja ya S yanafika 10, na ya SB yanaishia 9.

Upimaji una hatua tatu. Kwanza kitandani: daktari au mtaalamu wa viungo anapima nguvu ya kila msuli, mzunguko wa kila kiungo, uratibu wa mwendo, urefu wa kilichokatwa. Pili majini, mbele ya mpimaji wa upande wa ufundi anayejua kuogelea. Tatu, siku ya mashindano yenyewe, mwogeleaji anatazamwa tena, ili mtu asilegeze misuli mbele ya daktari kisha akaikaza mbele ya saa. Mfumo huu wa kuangalia mwili unaweza kufanya nini, badala ya jina la ugonjwa, ulishika mizizi Barcelona mwaka 1992. Hauna raha kwa kila mtu. Daraja likibadilishwa, bingwa anaweza kukosa hata fainali, na malalamiko hayaishi. Lakini hakuna njia nyingine ya kuwaweka watu wanane wasiofanana kwenye bwawa moja na kusema huyu ameshinda.

Binti yangu aliikunja ile karatasi akaiweka kwenye mkoba. Amesema anataka kumwonyesha mwenzake kazini.

Jumapili, 1 Septemba

Ujumbe kutoka kwa kijana, saa mbili asubuhi: "Shikamoo Mwalimu. Wenye mguu mmoja wanasimamaje pale juu ya jukwaa? Mimi nikisimama bila mguu wa bandia naogopa kuanguka kabla ya filimbi."

Marahaba mwanangu. Nimemjibu hivi. Ndani ya maji mguu wa bandia hauruhusiwi, kwa yeyote. Wanakuja nao, au kwa magongo, wanauvua nyuma ya jukwaa na kuuacha pale. Wengine wanasimama kwa mguu mmoja, vidole vimeshika ukingo wa mbele, mikono miwili chini, uzito umekaa juu ya nyonga. Asiyeweza kutulia anaruhusiwa msaidizi wa kumshika kiunoni au mkononi asiyumbe, mradi asimsukume. Mwingine anaweza kuanza kando ya jukwaa, au majini kabisa. Hakuna anayedharauliwa kwa kuchagua lolote kati ya hayo.

Swali gumu zaidi ni la chini ya maji, na ndilo nimelikazia macho leo. Teke la mguu mmoja linamsukuma mtu mbele na pembeni kwa wakati mmoja, kama ngalawa yenye kafi upande mmoja. Asiporekebisha, anapinda mpaka anagusa kamba ya njia. Waogeleaji wazuri wa mguu mmoja hawajaribu kushindana na kupinda huko kwa mikono, kwa sababu mikono ya chura lazima iende pamoja. Ukivuta mmoja zaidi, mwili unalala upande na bega linashuka. Wanarekebisha mapema zaidi, kwenye nyonga. Wanaleta kisigino karibu na mstari wa katikati, hawafungui goti mbali. Tumbo wamelikaza. Kigutu hakilegei, kinafuata mwendo wa mguu mzima ili nyonga mbili zibaki sawa. Kisha wanateleza wakiwa wamenyooka kama msumari, na hapo ndipo wanapopata mita zao.

Na sasa lile nililolifuata. Karibu na daraja la mwogeleaji huandikwa alama fupi za yale ambayo mwili wake unaruhusu. Tarakimu 8: unyayo wa kulia lazima ugeuke nje. Tarakimu 9: unyayo wa kushoto lazima ugeuke nje. Tarakimu 12: miguu inaburutwa, au mwogeleaji anaonyesha nia ya kupiga teke. Tarakimu 7: sehemu ya juu ya mwili ndiyo iguse ukuta. Jaji anapewa orodha hii kabla ya mbio. Haangalii kwa huruma wala kwa kubahatisha. Mbele ya mwogeleaji mwenye 9 anatazama unyayo wa kushoto, na usipogeuka, anamwengua bila kusita.

Nimeandika 9, tarakimu ya kijana wangu, kubwa kwenye ukurasa mzima, nikaipigia mstari.

Jumatatu, 2 Septemba. Usiku

SB14, mita 100, wenye ulemavu wa akili. Dhahabu kwa Nicholas Bennett wa Canada. Naohide Yamaguchi wa Japani, aliyeshinda kwenye Paralimpiki ya Tokyo kwa rekodi ya dunia ya 1:03.77, hakuweza kuitetea dhahabu yake. Fedha imekwenda kwa Jake Michel wa Australia, ambaye Tokyo pia alikuwa wa pili.

Ukiwatazama kwa mbali hawa, huoni tofauti yoyote na waogeleaji wengine. Miguu miwili, mikono miwili, mabega mapana. Mtu aliyekaa nyuma yangu alimwuliza mwenzake hawa wana ulemavu gani. Jibu liko kwenye mgawanyo wa mwendo. Mita 100 za chura zinahitaji hesabu: mita 50 za kwanza uende na mivuto mingapi, uanze lini kukaza, ufanye nini ukimwona wa njia ya pembeni akikupita. Wengi wetu tunafanya hesabu hiyo bila kujua kuwa tunaifanya. Wao inabidi waijenge kwa marudio, mpaka ikae mwilini. Bennett amelelewa kwenye mchezo na dada yake akiwa miongoni mwa makocha wake. Hiyo nimeiandika kwa makusudi: nyuma ya medali hii kuna mtu wa nyumbani aliyekubali kurudia jambo moja kwa subira.

Daraja hili lina historia chungu. Baada ya Sydney mwaka 2000 iligundulika kwamba timu ya mpira wa kikapu ya Hispania iliyoshinda dhahabu ilikuwa imejaa wachezaji wasio na ulemavu wowote wa akili. Adhabu iliwaangukia wasio na hatia: wanamichezo wa kundi hilo lote waliondolewa kwenye Paralimpiki, wakarudi London mwaka 2012. Ningependa wanaosema kwamba upimaji ni usumbufu wa makaratasi wakumbuke hilo. Pale upimaji ulipolegea, waliofungiwa mlango ni wale wale waliostahili kuingia.

Jumatano, 4 Septemba

Wasioona. SB11 wote huvaa miwani iliyotiwa giza, na baada ya mbio miwani inakaguliwa, ili mwenye kuona mwanga kidogo asimzidi asiyeona kabisa. Kila mmoja ana msaidizi pande zote mbili za bwawa mwenye fimbo ndefu, ncha yake imefungwa sponji. Mwogeleaji akikaribia ukuta, anaguswa kichwani au mgongoni: sasa.

Kwa chura kugusa huko ni kazi nyeti kuliko kwa mitindo mingine. Mwogeleaji wa chura anapanda na kushuka. Ukimgusa kichwa kikiwa juu, mikono iko kifuani, na kabla hajainyoosha anaweza kuufikia ukuta kwa paji la uso. Ukimgusa amezama, fimbo inaishia majini. Msaidizi lazima ajue urefu wa kuteleza kwa mtu wake, ahesabu mivuto yake, na ajue siku amechoka na mvuto umefupika. Rogier Dorsman wa Uholanzi aliposhinda mbio hii Tokyo, mbele ya Keiichi Kimura wa Japani, sifa zilikwenda kwake kama ilivyo haki, lakini mimi leo nimewatazama wenye fimbo. Wanainama juu ya maji, hawapepesi. Wakimaliza wanarudi nyuma, hakuna kamera inayowafuata.

Nyumbani tuna vijana wasioona wanaopenda maji. Fimbo na sponji vinapatikana Kariakoo. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama pale kila alfajiri.

Ijumaa, 6 Septemba

Bado naiwaza mbio ya Taliso Engel. Mjerumani aliyezaliwa 2002, uoni wake ni hafifu tangu utotoni. SB13, mita 100: dhahabu kwa 1:01.90, rekodi ya dunia. Tokyo alishinda kwa 1:02.97, nayo ilikuwa rekodi. Amejipunguzia zaidi ya sekunde nzima.

Niiweke karibu na kipimo ambacho kila kocha wa chura anacho kichwani: sekunde 56.88 za Adam Peaty, Gwangju 2019, rekodi ya wanaume wote duniani. Tofauti ni sekunde tano. Kwenye mashindano mengi ya Afrika Mashariki, muda wa Engel ungemweka mbele ya wanaoona vizuri kabisa. Nalisema hili kwa wazazi wanaoniambia, "Mwalimu, mfundishe tu asizame." Hapana. Mtoto akija kwangu nitamfundisha asizame, kisha nitamfundisha ashinde.

Na tusiseme dhahabu za chura ni za mbali na bara letu. Kevin Paul wa Afrika Kusini alichukua dhahabu ya mita 100 SB9 Beijing 2008, fedha London 2012, dhahabu tena Rio 2016. Hapo jirani, Husnah Kukundakwe wa Uganda aliogelea chura Tokyo akiwa na miaka 14, na mwaka huu amekuja Paris. Ni msichana, na habari zangu hapa ni za wanaume, lakini njia aliyoipita ndiyo njia ambayo kijana wangu ataipita: kupata mashindano ya nje, kupimwa na wapimaji wa kimataifa, kupewa daraja, kisha ndipo muda wake uhesabike. Bila daraja la kimataifa, hata ungeogelea chini ya rekodi ya dunia kwenye bwawa la mtaani, jina lako haliingii popote.

Jumamosi, 7 Septemba. Usiku

Siku ya mwisho ya kuogelea imekwisha. Niandike hukumu yangu na kazi iliyo mbele.

Hukumu ni hii. Wiki hii nimewaona waogeleaji wakiondolewa kwenye matokeo kwa makosa ya kanuni, na sikumwona yeyote akifarijiwa kwa maneno matamu. Aliyekosa alionyeshwa kosa, aliyeshinda alipewa ushindi. Watu walishangilia kwa sababu mbio zilikuwa kali. Heshima ya namna hiyo haitokani na moyo mwema wa watazamaji. Inatokana na kazi ya miaka: kuhesabu alama za kila kiungo, kuandika tarakimu mbele ya kila jina, kumfundisha jaji nini cha kutazama na nini cha kuacha. Huruma ni rahisi, haihitaji kusoma kanuni. Haki inadai usome.

Kazi:

Kwanza, kutafsiri kwa Kiswahili kanuni za chura na orodha ya zile tarakimu, kurasa chache tu, nizigawe kwa majaji kabla ya mashindano yajayo. Nitawaomba tukae pamoja majini, waone kwa macho unyayo mmoja unavyogeuka.

Pili, kumwandalia kijana faili: picha za eksirei, ripoti ya daktari, video ya teke lake kutoka mbele, nyuma na chini ya maji. Siku nafasi ya kupimwa itakapopatikana, isitukute tukihangaika na makaratasi.

Tatu, mazoezi. Nyonga kabla ya mikono. Kisigino katikati. Kuteleza mpaka maji yaanze kumshika, si zaidi. Kuanza kwa mguu mmoja juu ya ukingo, chini kwanza, kisha kwenye jukwaa.

Na kwa kocha, mzazi au jaji atakayesoma haya siku moja: ukiwa na mwogeleaji mwenye ulemavu, usianze kwa kumsifu. Soma kanuni za mtindo wake, umpime, umpangie saa, umwambie kosa lake. Akishindwa, mwambie ameshindwa kwa sekunde ngapi. Makofi yasubiri mpaka aguse ukuta kihalali, na hapo tumpigie sawasawa na mshindi mwingine yeyote.